Sauti Iliyosikika kwa Mzee Masalu

Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wakidondosha maji ya ndimu kwenye maji ya majivu, Mwalimu Gervais akipita kati ya madawati, mlango uliposukumwa kwa nguvu. Akaingia Mzee Masalu, mfugaji wa kijiji cha Mwamkulu, fimbo mkono huu, simu mkono ule. Nyuma yake walisimama wanaume wawili wa sungusungu, walinzi wa kijiji.

"Ni wewe unayeongea na binti yangu?"

Kija, binti yake, akainamisha kichwa.

Tangu muhula uanze, Gervais alikuwa amegeuza ufundishaji wake wa kemia. Maelezo aliyarekodi, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza cha mtihani, akayaweka kwenye memori kadi, wanafunzi wakasikilize nyumbani kwa simu za wazazi. Kipindi kikabaki cha majaribio na maswali. Waliokuwa wakisinzia mbele ya ubao sasa walibishana hadi kengele ilipolia. Ila wazazi hakuwaeleza. Aliona ni jambo dogo. Na yeye alikuwa kijana, mgeni pale, ambaye watu hawakuchoka kumkumbusha kwamba wazazi wake walitoka Burundi. Kwa tuhuma ya uhusiano na mwanafunzi wa kike, nani angemsikiliza?

"Mzee, hayo ni ma..."

"Nyamaza! Nimesikia kwa masikio yangu. Mwanaume anamwambia, 'Umenielewa? Haya, rudia polepole.' Na yeye anacheka!"

Mkuu wa shule, Mwalimu Christina, alifika mbio. Hakumtetea mtu. Aliomba simu, akaiweka mezani, akabonyeza.

Sauti ya Gervais ikatoka: "Asidi na besi zikikutana, kila moja inapunguza ukali wa mwenzake. Umenielewa? Haya, rudia polepole." Hapo hapo jogoo akawika ndani ya simu, na sauti ikafoka: "Toka wewe, nafundisha!"

Mwanafunzi mmoja wa nyuma alicheka, akajiziba mdomo.

"Nilimcheka jogoo, baba," Kija alisema.

Masalu akataka irudiwe. Alisikiliza mpaka mwisho, shingo imeinama. Kisha akamtazama Gervais, macho mekundu.

"Kwa nini hukutuambia? Nimemchapa mtoto, mwalimu. Nimemchapa sana."

Masalu alimwambia binti yake maneno machache ya Kisukuma, kwa sauti ya chini, akatoka. Wale wawili wakamfuata. Gervais alikaa kwenye kiti, asiweze kuendelea. Kija akajifuta macho, akachukua ndimu, na kundi lake likaendelea bila mwalimu.

Mwalimu Christina alizuia rekodi zote mpaka kikao cha wazazi. Siku ya kikao, Gervais alisimama akazicheza mbele ya wote, akaomba radhi. Baadhi ya wazazi walikataa katakata rekodi hizo ziende nyumbani. Watoto wao wakaruhusiwa kusikilizia shuleni baada ya vipindi. Masalu alikubali kwa sharti moja: Kija atasikiliza akiwa amekaa karibu naye.

"Na mimi nisikie hiyo kemia," alisema. Hakutabasamu.