Chupa Niliyomsomea Bibi

Harufu ya dawa ya kuchua hunifikia kabla mwenye kuipaka hajaingia mlangoni. Ni kafuri, tapentaini, na kitu kingine kikali ambacho sijawahi kukijua jina. Wazee wenzangu kanisani hujipaka magoti bila wasiwasi, nami husogea mwisho wa benchi, wakadhani nina kifua. Sina kifua. Nina aibu, na nimekaa nayo tangu nikiwa msichana wa darasa la tatu, Dodoma ikiwa mji wa stesheni, maduka machache na vumbi jingi, na Waingereza wakiwa bado wanatutawala.

Tuliishi pembeni mwa mtaa wa Kikuyu, katika tembe la bibi yangu, mama yake Baba. Baba alikuwa dobi katika hoteli ya Wazungu karibu na stesheni. Hoteli hiyo ilijitangaza katika magazeti ya Kiingereza, na karani wake alimfasiria Baba tangazo lenyewe: vyumba vina vyandarua, maji moto yapo asubuhi na jioni, na hewa ya Dodoma ni kavu, inaponya kifua. Baba alipotusimulia tulicheka mpaka Bibi akajishika mbavu. Hewa hiyo iliyosifiwa ndiyo iliyotutilia mchanga katika ugali kila kiangazi, na kwa Bibi ilikuwa adui hasa, maana alikuwa na vikope. Kope zake zilipinda kuelekea ndani, zikawa zinamkwaruza jicho kila alipopepesa. Kazi yangu ilikuwa kumlaza kichwa mapajani mwangu kila baada ya siku chache, nikazing'oa moja moja kwa kibano. Yeye alikuwa akinitania kwamba mke mwenza mwenye mkono mzito namna hii hakufaa kuolewa. Ndivyo bibi zetu wanavyotutania sisi wajukuu wa kike, nami nilimjibu kwamba mume alinifuata mimi kwa sababu naona vizuri.

Wasafiri walioamini lile tangazo walikuja na vikohozi vyao na masanduku ya dawa za madukani. Walipoondoka waliacha chupa vyumbani, moja ina robo, nyingine nusu, na Baba alizileta nyumbani kwa ajili ya chupa zenyewe, kwani chupa yenye kizibo ilifaa kuwekea samli. Lakini majirani hawakukubali kilichomo kimwagwe. Dawa ya Mzungu, imwagwe? Kila chupa ilikuwa na picha ya mtu mwenye afya tele, na maandishi ya Kiingereza tupu. Katika nyumba zile chache zilizotuzunguka, mwanamke aliyejua kusoma nilikuwa mimi peke yangu, nacho nilichojua kusoma kilikuwa Kiswahili cha shule ya misheni. Kwa akina mama wale kusoma kulikuwa kusoma. Aliyeweza kusoma barua angeshindwaje na chupa? Hawakuwaza kwamba herufi zilezile zinaweza kuwa lugha nyingine kabisa. Mimi nilijua. Nilijua vizuri sana.

Jirani yetu Mama Yohana ndiye aliyetangulia. Nilifuatisha mistari kwa kidole, midomo ikicheza kama ya mwalimu wetu, kisha nikamwambia ni dawa ya tumbo, vijiko viwili baada ya kula. Niliyatunga palepale. Alipona, au tumbo lilichoka kuuma lenyewe, na tangu hapo nikawa daktari. Nilisogezewa kigoda mimi, mtoto, mbele ya watu wazima. Nilipewa karanga za kuchoma na sifa nyingi, na sifa zilikuwa tamu kuliko karanga. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Shuleni kulikuwa na mwalimu aliyejua Kiingereza, na alikuwa mpole. Ningeweza kumpelekea lebo yoyote. Sikumpelekea hata moja, kwa sababu siku ambayo ningeuliza ndiyo siku ambayo ingejulikana kuwa sijui.

Kiangazi kilipokolea, upepo na nzi wa zizini vilimzidi Bibi. Alikuwa akiamka macho yamegandamana, inabidi nimwoshe kwa maji ya vuguvugu ndipo aone mlango. Wiki hiyo Baba akaleta chupa ndogo yenye picha ya mwanamke aliyekodoa macho makubwa, meupe, akitabasamu. Bibi aliinusa akageuza uso. Kisha akanipa.

"Mke mwenzangu, hebu nisomee. Hii ni ya nini?"

Nilitazama yale macho ya kwenye picha. "Ya macho, Bibi. Matone mawili asubuhi."

"Mbona inanuka hivi?"

"Ndiyo nguvu yake. Imeandikwa."

Alilaza kichwa mapajani mwangu kama kawaida yetu. Nilichovya unyoya wa kuku nikadondosha tone moja katika jicho la kulia. Hakupiga kelele. Alinikamata goti, vidole vikanizama, akaniuliza kwa sauti ndogo kama imeandikwa kwamba itauma. Moyo wangu ulikuwa umekwisha kuniambia kuna jambo baya. Nikasema ndiyo, Bibi, imeandikwa itauma kidogo. Nikatia la pili, jicho lilelile.

Kwa lile tone la kwanza naweza kujitetea kuwa nilikuwa mtoto. La pili sina la kusema.

Kesho yake jicho lilikuwa limevimba na kuwa jeupe kama ute wa yai lililochemshwa. Baba na kaka yake mkubwa walimpeleka zahanati ya misheni, nami nikafuata nikiwa nimebeba chupa. Dresa wa pale, kijana mtaratibu mwenye kazi ya kufunga vidonda, aliisoma mara mbili. Kisha akasema, "Hii ni dawa ya kuchua viungo. Wameandika hapa isiguse macho. Nani aliwaambia ni ya macho?" Baba mkubwa alinigeukia. Yeye ndiye aliyekuwa akisema kila mara kwamba shule inaharibu wasichana, na Bibi ndiye aliyekuwa akimbishia. Neno moja tu lingetosha kunitoa darasani. Nilitazama sakafu.

"Nani angeniambia?" Bibi akasema, kitambaa kikiwa usoni. "Nimepapasa mwenyewe, nikachukua chupa siyo. Macho ya kizee haya."

Nikamwacha aubebe uzembe usiokuwa wake. Lile jicho halikurudi, na la kushoto vikope vilikuja kulimaliza baadaye. Akina Mama Yohana walipoleta chupa nyingine niliwaambia siku hizi wanaandika kwa herufi ngumu. Hata kuacha uongo niliacha kwa uongo. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikafundisha watoto wa watu kusoma kwa miaka mingi, na kila waliponisifu nilijua shule hiyo ililipiwa na nani.

Sasa Dodoma ni jiji. Hoteli ni nyingi kuliko nyumba tulizokuwa nazo, mabango yake yanawaka rangi, na sijaona hata moja linalosifu vumbi letu. Dawa hazisubiri tena kusahauliwa na wasafiri. Zinaingia ndani kwa simu, pamoja na picha za watu wenye afya tele. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi kinatembea kasi. Mjukuu wangu Neema, ninayeishi naye mtaa wa Area D, anauza unga fulani wa kutibu maumivu ya viungo na presha. Mwezi uliopita alinishikia simu usoni akaniomba niseme kwamba umeniponya magoti. "Bibi, wewe ni mwalimu," akasema. "Ukisema wewe wataamini."

Nilikataa. Alinuna, akanibana niseme sababu, nikajikuta namsimulia yote, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na unyoya na tone la pili. Majuto ni mjukuu, nami wangu alikuwa amekaa mbele yangu, simu ameilaza mapajani.

"Ulimwomba msamaha?"

Nikamwambia Bibi aliishi miaka mingi baada ya pale. Nilimshika mkono kwenda kanisani, nikamshika mkono kwenda chooni, nikamsomea Biblia kila jioni hadi sauti inakauka, naye akinisikiliza kwa makini na kuniamini kila neno.

"Bibi, nimeuliza kama ulimwomba msamaha."

"Hapana," nikasema. "Sikumwomba."