Kimya cha Msemaji wa Kasenga

Kitu cha kwanza kilichoonekana kwa Papa Gaspard kilikuwa shingo yake. Ilikuwa nene na fupi, imejaa hadi chini ya masikio, na kifungo cha juu cha shati hakikuwahi kufika kwenye tundu lake. Wageni wa Kasenga, mtaa wa mji ulio kando ya ziwa, walishangaa, kwa sababu Gaspard alikuwa fundi wa nguo. Alishona kola za watoto wa shule wa mtaa mzima, lakini ya kwake ilimshinda. Alipoulizwa, alijibu kwamba shingo ya mtu mwenye heshima haifungwi kama gunia la mchele.

Na heshima alikuwa nayo kweli. Familia yoyote yenye binti wa kuolewa ilimtafuta awe msemaji wake siku ya mahari. Katika mazungumzo hayo pande mbili huketi zikitazamana, na kila upande husema kwa kinywa cha mtu mmoja tu. Msemaji wa binti akinyamaza, wote hunyamaza, maana anayesema kabla yake amemtukana mzazi wa binti. Desturi hiyo ndiyo iliyomfanya Gaspard kuwa mtu mkubwa.

Kila mara mambo yalikwenda hivi. Gaspard aliketi kwenye kiti chenye mito, akaanza kusikiliza salamu ndefu za wageni, watu wa upande wa mposaji, akafumba macho. Kisha alikoroma kidogo, kwa adabu. Kisha mkoromo ulikatika, na pumzi ikakatika pamoja nao. Kifua hakikupanda wala kushuka. Wageni walimtazama huku jasho likiwatoka, wakidhani amekasirika, bila ruhusa ya kusema neno. Walipokuwa karibu kupiga magoti, Gaspard alishtuka na kuvuta hewa kama mtu aliyeopolewa ziwani: "Hhhaaa!"

Siku ya mahari ya watu wa Kiringye, msemaji wao alidondosha kofia.

"Papa, usikasirike! Tumekosa. Tunaongeza ng'ombe, na ndama yake."

"Mm," akasema Gaspard, ambaye hakujua mazungumzo yamefika wapi.

Yeye mwenyewe aliamini kwamba alikuwa akifikiri. Watu walimsifu sana kwa mawazo yake mazito, na si rahisi mtu kukataa sifa ya aina hiyo. Huko Mulongwe msemaji mmoja alijaribu kumwiga. Alifumba macho na kungoja. Wageni walidhani anaombea chakula, wakasema amina, wakaanza kula.

Lakini miguu ya Gaspard ilianza kuvimba. Akipanda kutoka barabarani hadi nyumbani, alisimama njiani akijifanya kutazama ziwa. Siku moja alisinzia kwenye cherehani akashona mfuko wa shati mgongoni mwa shati. Mke wake, Agathe, alilikunja shati lile, akamshika mkono na kumpeleka hospitali.

Daktari wa moyo alikuwa Fadhila, msichana wa familia ya wafanyabiashara Waislamu wa mjini. Alimpima, akasikiliza kifua, akatazama picha ya moyo.

"Papa, moyo wako umepanuka na umechoka. Unakoroma?"

"Minye?" akauliza Gaspard, akijigusa kifua. "Hapana."

"Dokta," akasema Agathe, "majirani wanafikiri tuko na mashine ya kusaga muhogo. Lakini kukoroma hakunisumbue. Ni wakati ananyamaza. Ile kimya njo inaniogopesha. Ninamupiga kiwiko, anarudi."

Daktari alimpa Gaspard kifaa kidogo cha kufunga kwenye kidole na chini ya pua akilala. Majibu yalipotoka, alimweleza bila kuficha. Akilala, koo lake hujifunga tena na tena. Hewa haipiti, damu inakosa hewa, na moyo unashtuka kwa hofu hadi koo lifunguke.

"Ni kama kumukaba mtu koo usiku kucha, halafu asubuhi unamwambia abebe mizigo," alisema. "Dawa za moyo utaendelea nazo. Lakini utahitaji pia mashine ya kusukuma hewa, yenye bomba na kifuniko cha pua. Haitaponya moyo, Papa. Itaupunguzia mateso. Uivae kila unapolala. Na hutasinzia tena mbele za watu."

"Hata kwenye mazungumzo ya mahari?"

"Hata huko."

Habari hiyo haikumfurahisha Gaspard kama daktari alivyotarajia.

Kaka yake Agathe aliileta mashine kutoka Bujumbura pamoja na betri ya sola, kwa kuwa umeme wa Kasenga huja unapotaka wenyewe. Daktari akairekebisha nguvu ya hewa. Hapo ndipo Octave, kaka mkubwa wa Gaspard, alipoitisha kikao cha familia. Laure, binti wa Gaspard, alikuwa ameposwa na kijana wa Luberizi, na mazungumzo ya mahari yalikuwa yamekaribia.

"Mashine iko muzuri, hatuikatae," alianza Octave. "Lakini bale batu ba Luberizi biko na ng'ombe mpaka banasahau majina yao. Sasa weye unataka kupona mbele ya mahari? Moyo umengoja miaka yote. Itashindwa kungoja kidogo?"

Familia ilikubali. Shangazi mmoja aliomba kwa sauti kwamba Mungu aupe moyo wa Gaspard subira.

"Mumeamua moyo yake ingoje," akasema Agathe. "Muliiuliza?"

"Mama Laure, hii ni maneno ya ukoo."

"Na mujane atakuwa nani, ukoo ao minye?"

Gaspard alimpenda mke wake, lakini alipenda pia kuitwa kwenye mahari za mji mzima, kutoka Kavimvira hadi Kalundu. Mashine ikabaki ndani ya mfuko wake, chini ya kitanda.

Haikupita muda mrefu, jirani mmoja akamwita kumsemea binti yake. Gaspard alikaa, akafumba macho, akakoroma kwa adabu, akanyamaza. Kimya kikarefuka. Wageni wakafuta jasho. Kikarefuka tena. Mwili wa Gaspard ukainama pole pole, ukateleza kwenye mito, ukaanguka sakafuni kwa kishindo.

"Amekasirika kabisa!" akalia msemaji wa wageni. "Tunaongeza! Papa, inuka, tunaongeza!"

Gaspard alipofumbua macho aliona duara la nyuso zenye furaha. Octave alikuwa akipiga makofi. Mtu mmoja alisema hajawahi kuona ufundi kama huo maisha yake yote. Agathe peke yake alikuwa amepiga magoti, akimfungua vifungo vya shati.

"Baliongeza ng'ombe," alimnong'oneza. "Hata mumoja hakuleta maji."

Gaspard alizitazama tena zile nyuso. Aligundua kwamba kama angekufa pale pale, wangeshukuru.

"Mama Laure," akasema, "ile mashine iko wapi?"

Mwanzoni alipigana nayo. Hewa ilimwingia puani kwa nguvu, kama amepanda pikipiki bila kofia kwenye tambarare ya Ruzizi. Kifuniko kilivuja, akakivua, Agathe akamrudishia, daktari akambadilishia kingine. Halafu, asubuhi moja, aliamka akashangaa kwamba ameamka. Kichwa kilikuwa chepesi. Dawa na mashine zikafanya kazi pamoja, na viatu vikaanza kuingia miguuni. Majirani walikuja kuuliza amesafiri wapi, kwa kuwa nyumba ilikuwa imetulia mno. Mifuko ya mashati ilirudi kifuani. Jumapili alisikiliza mahubiri hadi mwisho, akagundua kwamba mchungaji husema jambo lile lile kila mwaka. Alipokuwa mgonjwa na kusinzia kanisani, alimheshimu mchungaji huyo zaidi.

Octave alikuja na uso wa msiba. Alitaka wamtafutie Laure msemaji mwingine, ingawa desturi inamruhusu baba kumsemea binti yake.

"Ao ufumbe macho tu, ndugu yangu. Kidogo tu."

"Nikifumba, yaya," Gaspard akamjibu kaka yake, "nitaona giza. Usingizi haiko tena."

"Na hewa? Huwezi kuvuta ile hewa ya 'hhhaaa'?"

"Minye ile sikuifanyaka, yaya. Ilikuwa moyo inaomba musaada."

Laure alipopita na sinia la glasi, alimwambia Octave bila kusimama, "Papa mukubwa, mwache papa yangu apumue."

Leo ndiyo siku yenyewe ya mahari ya Laure. Viti vimepangwa pande mbili, na ukoo mzima umejaa uani na hata juu ya ukuta, kwa maana habari imeenea kwamba Gaspard atasema akiwa macho. Ndikumana, msemaji wa Luberizi, amepiga simu: magari yao yameshapita Kavimvira. Gaspard ameketi kwenye kiti chenye mito, macho makavu kama ya mtoto aliyeamka mapema, na anamwita mke wake karibu.

"Mama Laure, niambie kweli. Batu bakimaliza salamu, msemaji anasemaka nini? Minye sijasikia mazungumzo hata moja mpaka mwisho."

Agathe anacheka hadi anajishika ubavu. Kabla hajajibu, honi inalia barabarani, na watu wote wa uani wanageuka kumtazama Gaspard.