Matanga ya Goti

Juzi nimepita Bellevue, mtaa wetu wa zamani huku kusini, nikakuta ile nyumba tuliyopanga vyumba imewekewa geti la umeme, na ua wote umemwagwa zege. Nilisimama kidogo, rafiki yangu, kisha nikaona haya nikaondoka.

Nilikuwa shule ya msingi bado, mwaka 2016 au 2017, sina hakika. Chumba cha mbele alikaa mama mshonaji, Mkongo wa Uvira. Cherehani yake ndiyo iliyotuamsha, na Jumapili akirudi kanisani ua mzima ulinukia sombe, kisamvu chao, na mawese. Mwanawe alichukuliwa na mjomba wake akiwa mdogo, akapelekwa Marekani. Huko akawa pande la mtu. Shule ikamvisha kofia ngumu, chuo kikamchukua, mwisho timu kubwa ikamwajiri kucheza ule mpira wao wa kushika kwa mikono. Kazi yake ilikuwa kumkinga mrusha mpira. Yeye mwenyewe hatukuwahi kumwona akiugusa. Baba yangu, mtu wa Tanga, alisema kama ni kusukuma tu, hata madukani Fordsburg kuna majokofu ya kusukuma. Kwa haki niseme, king'amuzi kilikuwa cha baba, na makofi ya kwanza yalikuwa yake.

Mama mshonaji hakutazama. Aliipa televisheni mgongo, akipiga pindo kwa mkono, roho juu. Alishamzika mume, na karatasi zake za ukimbizi hazikumruhusu kusafiri. Mwanawe akifia kule, angezikwa na watu baki.

Jumapili moja jioni wapinzani walimwangukia mwanawe kama magunia. Wenzake wakainuka, yeye akabaki chini. Wakamtoa kwa kigari, kisha yakaingia matangazo ya biashara. Nadhani hakuna aliyetamka kwamba amekufa. Lakini pale kwetu msiba haukungoja kutangazwa. Chai haijapoa, mchungaji ameshaleta viti vya plastiki, mama yangu ametandika mikeka, akina mama wa kwaya wamejifunga vitenge kiunoni na wimbo wa maombolezo umeanza. Mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, alileta sukari.

Simu ikalia. Mama mshonaji akaipokea, akaweka spika.

"Mama, ni goti. Wanasema sitacheza tena."

"Na kichwa?"

"Kichwa kizima."

"Shingo?"

"Iko nzima, mama."

"Aksanti Mungu. Hilo goti wabaki nalo. Mimi nataka mtoto."

Akaketi chini, akacheka mpaka akalia. Baba alianza kuisikitikia kazi iliyopotea, mama yangu akamkanyaga mguu. Mchungaji akauliza kama viti virudi. Lakini sombe ilishapashwa moto. Kwaya ikabadili wimbo bila kufungua vitenge, tukala chakula cha matanga huku marehemu yuko kwenye simu, anauliza tunakula nini.

Nasikia sasa anafundisha watoto mchezo uleule, anachechemea kidogo. Mama mshonaji alihama, nasi tukahama. Siku hizi nakaa ghorofani, Joubert Park. Majirani ni watu wema, nisiwaonee. Tunasalimiana kwenye lifti kwa neno moja, sharp, kila mtu na mlango wake. Labda nao wangekuja, sijapata msiba wa kuwapima. Wale wa Bellevue walikosea, ndiyo. Ila sijaona tena watu wakikosea kwa kuwahi.