Jeneza Lisipite Mbele

Mama aliingia nyumba ile ya Mji Mkongwe akiwa bi harusi, na hakuhama tena. Tulikuwa wapangaji tu. Mwenye nyumba alipokufa, mwanawe akavigeuza vyumba kuwa vya watalii, akatubakishia chetu cha juu, na kila baada ya muda akatupandishia kodi ili tuchoke wenyewe.

Nilikwenda serikalini kulalamika. Afisa akanambia sheria ya kuwalinda wapangaji ipo, nilete mkataba. Mkataba gani? Baba na yule mzee walipeana mikono, basi.

"Bila ya karatasi sina la kukusaidia, dada."

Nikatoka nimefura. Tukaanza kutafuta chumba Jang'ombe, na kabla hatujakipata, mama akafariki asubuhi moja kitandani kwake.

Tumeshamwosha na kumkafini, yule mwana, sasa ndiye mwenye nyumba, akapanda ngazi. Akatupa pole. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wageni wanakunywa chai ukumbini. Jeneza lisipite mbele yao, tafadhali."

Kaka zangu walitaka kumrukia. Nikawazuia, maana maiti hacheleweshwi kwa ugomvi. Wakamshusha kwa ngazi ya nyuma, wakapita naye jikoni, njia wanayotolea taka. Mwenye nyumba alitangulia, si kubeba, bali kuchungulia kama hakuna mgeni anayeona.

Siku aliyoolewa, mlango mkubwa wa mbele ulifunguliwa pande zote mbili ili yeye apite.