Uzi wa pamba niliopimia miguu ya timu yetu

Jumamosi, mwezi wa nane, 1988. Asubuhi upepo wa ziwani, mchana jua kali na vumbi tupu.

Wakuu, poleni na majukumu. Huo mstari wa juu nimeunakili kutoka daftari langu la zamani. Mimi niliishia darasa la saba, nikikosea herufi mnivumilie, ila tukio ni la kweli na mwenye kosa ndani yake ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa katibu wa timu pale Kibara. Iliitwa Furu, kwa jina la wale samaki wadogo wa ziwani. Jina lilitolewa kabla sangara hajawamaliza furu wenyewe, kwa hiyo fikirieni kelele tulizokuwaga tunapigiwa ugenini.

Mfadhili wetu alikuwa Mzee Masatu, mwenye mashine ya kusaga. Tulimwita mfadhili ila ukweli timu ilikuwa yake. Mpira wa ngozi ulikuwa mmoja, tunauona Jumatano na siku ya mechi. Siku nyingine tulipiga wa matambara.

Watu walisemaga ni bahili. Mimi sikubali sana. Miaka ile ya foleni za sabuni, dizeli ikitafutwa kama dawa, mashine yake haikuwahi kufungwa. Ila kweli pia kuna wakati alizidisha. Naandika yote mawili.

Mwaka huo tukafika mechi ya mwisho ya kupanda ligi ya mkoa. Refa wa ngazi ile hakubali pekupeku, na sisi karibu timu nzima ni pekupeku. Bahati nzuri biashara ilishafunguliwa, mitumba imeanza kumwagika Musoma mjini, na njumu zimo.

Mzee akaniambia, "Katibu, nipimie miguu ya vijana. Sitaki kununua kwa kukisia."

Tepu sikuwa nayo. Nikachukua uzi wa pamba, ule wa kusokota nyumbani, nikapima kila mmoja kisigino hadi kidole gumba, nikakata, nikafungia kikaratasi cha jina. Na ili nisikosee, kila uzi nilipoupima niliuvuta mpaka ukalia kama zeze.

Nilijiona injinia, wakuu.

Mzee akaenda Musoma na nyuzi kumi na moja. Nasikia kila kiatu alikipima mara tatu, mpaka muuzaji akamwomba aende kwa jirani. Aliporudi akazifungia njumu kwenye sanduku la bati.

Tukaomba kujaribu. "Mkijaribu mtazichakaza. Mtavaa uwanjani."

Siku ya safari alituambia jambo lililonikaa rohoni. Kwamba kwa njumu hizi ametoka nje ya tabia yake, na zikileta maneno anaachana na mpira, anabaki na mashine. Bila yeye timu imekufa. Hilo kila mtu alilijua.

Tukafika Bunda. Wapinzani ni vijana wa Makoko. Sanduku likafunguliwa.

Miguu haikuingia.

Watu walivaa kwa kusaidiana kama wanasukuma lori. Kipa kisigino kilibaki nje. Winga wetu Bwire alitembea kama anakanyaga miiba. Mashabiki wa Makoko wakapata kazi:

"Furu waliisha ziwani, wamebaki hawa kumi na moja!"

"Sangara, malizia hao!"

Hafutaimu tumefungwa mbili bila. Vijana wakamgeukia mzee.

"Mzee, umetununulia za watoto kwa sababu ni rahisi?" Bwire akauliza.

"Si aseme tu hataki tupande," akadakia kipa.

Mzee alichukua kofia yake na funguo za sanduku akasimama. Nikajua anaondoka, na timu inaondoka naye.

Sasa sikieni. Kwenye daftari nilikuwa na uzi wa mguu wangu, maana nilianza kwa kujipima mwenyewe. Kipindi cha kwanza nilivua kandambili nikaulaza kwenye unyayo bila kuuvuta. Ukapungua upana wa vidole viwili! Uzi ule ukiuvuta unarefuka, ukiuachia unarudi. Na mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba.

Sitadanganya, nilitaka kunyamaza. Halafu nikasema, "Mzee hana kosa. Ni mimi. Niliuvuta uzi."

"Uliuvuta wa nini, katibu?" Bwire akauliza.

"Ili uwe sahihi."

Kuna aliyeanza kucheka, wengine wakafuata, hata waliokuwa wanashika vidole kwa maumivu. Mzee aliketi tena.

"Leteni kisu."

Mtu aliyekataza njumu zisijaribiwe akazikata pua mwenyewe, moja baada ya nyingine, taratibu, asipoteze ngozi bure. Refa akaja kuchungulia. Akafikiri. "Viatu ni viatu," akasema, akapuliza filimbi.

Makoko wakabadilisha wimbo: "Furu wametoa vichwa!" Hapo hata mimi nilicheka.

Bwire akafunga moja, tena kwa kidole kilichokuwa nje, akatolewa amebebwa huku anashangilia na kulia kwa pamoja. Ikaisha mbili moja. Hatukupanda. Kwa haki, Makoko walituzidi, na sina hakika kama viatu sawa vingetuokoa.

Kwenye lori la kurudi nilimwomba mzee radhi mara ya tatu.

"Acha, katibu. Mwakani sichukui nyuzi. Nachukua miguu yenyewe, yote, tunakwenda nayo Musoma mapema."

"Na tutajaribu, mzee?" Bwire akauliza kutoka nyuma.

"Mtajaribu," akajibu, kama mtu anayeng'olewa jino.

Mwakani. Niliandika neno hilo palepale, lori linaruka, mwandiko mpaka leo hausomeki vizuri.

Funzo nililopata, kama ni funzo: ukikosea, sema kabla mwingine hajabebeshwa lawama. Na uangalifu ukizidi nao unaharibu, wa mzee na wangu pia. Labda nimeelewa vibaya, mnikosoe. Na mliocheza mpira miaka ile, nyie mlivaa nini miguuni? Semeni humu tucheke wote.

Ukurasa wenyewe unaishia hivi: Jioni tumekula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa maziwa mgando. Mama kaniongezea bila kuuliza matokeo.