Everybody Ni Mmoja

Mwaka nilioamua kuwa mtembeza wageni, wanangu wote nilikuwa nshawaoza na nyumba yangu ya Mji Mkongwe imepoa. Alasiri nikienda darasa la Kiingereza, kwenye chumba cha ghorofani nyuma ya soko la Darajani. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa Makunduchi, mdogo kwangu kwa umri, mpole, asiyechoka kuulizwa.

Nilikwenda naye vizuri mpaka tulipofika kwenye "everybody". Niliandika ubaoni, "Everybody are ready." Akaifuta "are", akaandika "is".

"Mwalimu, hao si watu wengi?"

"Wengi, Bi mkubwa."

"Basi mbona wanasemwa kama mtu mmoja?"

Akacheka. "Wenyewe hawakunishauri walipoitunga lugha yao. Everybody, somebody, nobody, zote ni za mmoja. Ishike hivyo hivyo."

Sikuweza kuishika. Jambo nisilolielewa halikai kichwani mwangu.

Ijumaa ile wanangu na wajukuu walikuja kula. Ukumbi umejaa, kelele tele, nami nimesimama na upawa. Nikapaza sauti: "Kila mtu keshapata mchuzi?"

Keshapata! Sikusema washapata. Umri wote huu nauliza umma mzima kama namuuliza mtu mmoja, na sijapata kushangaa. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

"Mama, kuna nini?" binti yangu akauliza.

"Kula, mwanangu. Nimeelewa Kiingereza."

Mtihani wa mdomo nilifaulu. Kundi langu la kwanza nililipeleka Mangapwani, kwenye pango la mawe ya matumbawe lenye maji baridi chini. Tuliteremka, tukatazama, tukapanda tena juani. Nikauliza kwa madaha, "Is everybody here?"

"Yes!" wakaitikia.

Lakini kijana mmoja mrefu aligeuka huku na huku, akasema, "Somebody is missing."

Moyo ulinipiga pa! Alikuwa hayupo bibi mmoja mwenye kofia ya manjano, mkubwa kuliko wote. Nikakunja buibui, nikateremka zile ngazi zinazoteleza huku naomba Mungu.

Nilimkuta amekaa juu ya jiwe, viatu kando, miguu ndani ya maji, amefumba macho kwa raha. Kiingereza chote kilinikimbia.

"Bibi! Umenitia roho juu!"

Hakufahamu hata neno. Akatabasamu, akapigapiga jiwe kunionesha nikae. Basi nikakaa. Nikavua ndara na mimi nikatia miguu. Yale maji, wallahi, yalinituliza mpaka utosini.

Tukapanda pamoja, kanishika mkono. Wenzake wakampigia makofi. Tangu siku hiyo, nikishauliza kama watu wametimia, natazama na nyuso, uso mmoja baada ya mwingine.

Barabarani tulinunua madafu. Yule bibi alikunywa lake lote, akanyoosha mkono kuomba jengine.