Siku Tuliponyamaza Mnadani

Tangu nyumba ya mdogo wangu iuzwe, mie sikai. Mke wangu anasema nimeingiwa na mdudu wa miguu. Nikimaliza chai nainuka, nakwenda hadi njia panda, narudi, nakaa barazani kidogo, nainuka tena. Nimeona bora niandike, ingawa kuandika kwenyewe ni tabu, maana skuli niliiacha darasa la nne nikenda kuchuma karafuu, na mkono wangu umezoea panga kuliko kalamu. Msomaji anisamehe nikitoka nje ya njia. Nitarudi.

Mdogo wangu huyu ni mwanamke, tumbo moja, mie wa kwanza na yeye wa mwisho. Aliolewa na mvuvi wa Kisiwa Panza, mtu mpole, aliyekuja kukaa huku kwetu kaskazini karibu na Konde kwa sababu mkewe hakutaka kuhama. Watu walimcheka, ati mwanamme kafuata kanga. Hakujali. Kila akipata samaki wa maana ananunua mfuko wa saruji, na saruji ikiganda kwa unyevu hanung'uniki, ananunua mwengine. Hivyo hivyo akasimamisha nyumba ya vyumba vitatu, bati juu, baraza mbele. Siku ya msingi tulitoka kijiji kizima kuchanganya zege, wanawake wakapika mihogo ya nazi, na mie nilikula mpaka nikashindwa kuinua ndoo. Alifunga Ramadhani mbili tu ndani ya nyumba ile, akafariki.

Mdogo wangu akabaki na mwani. Mtu asiyelima mwani hajui. Unasimama baharini maji ya kiuno, unafunga kamba, unafungua kamba, mgongo unakuwa kama umepigwa mchi, kisha mnunuzi anakuja na bei yake mkononi. Bei ilikuwa inashuka kila tukisikia. Mchele haukushuka. Sukari haikushuka. Na karafuu miaka ile zilitugomea, miti ikasimama na majani matupu kama watu waliovaa nguo za sikukuu wakakosa pa kwenda.

Ndipo akanijia. Akaniambia, "Kaka, nataka friza. Niuze samaki na barafu. Kuna kampuni mjini inakopesha, lakini wanataka karatasi ya nyumba na mtu wa kushuhudia."

Kampuni yenyewe siitaji, sitaki kesi uzeeni. Nilimuuliza, "Na ukishindwa?"

"Nishindwe kwani barafu si maji?"

Tukacheka. Nikatia sahihi. Karatasi ilikuwa na kurasa nyingi na mie nilisoma ule wa mwisho tu, pale penye mstari wa jina langu.

Friza ilikuja juu ya gari la abiria kutoka Konde, imefungwa kamba pamoja na magunia ya unga. Mwaka wa mwanzo mambo yalikwenda. Kisha samaki wakawa haba, wachuuzi wa mjini wakawa wanawafuata palepale pwani. Waliokuwa wakinunua barafu wakawa wanasema, "Niandikie, Bi." Umeme nao ukipanda hauulizi. Halafu ukakatika siku tatu mfululizo, na samaki wote wakaoza. Tuliwafukia chini ya mgomba nyuma ya jiko. Mgomba ule ulizaa mkungu ambao hakuna aliyewahi kuuona mfano wake, na mdogo wangu akawa anawaonesha wageni, "Huu ndio mtaji wangu."

Barua zikaanza. Ya kwanza kwa heshima, ya pili bila heshima. Ya tatu haikuwa barua. Walikuja vijana wawili na kopo la rangi nyekundu wakaandika ukutani, herufi kubwa, kuwa nyumba inauzwa kwa deni.  Walipoondoka mdogo wangu akakoroga chokaa akapaka juu yake. Asubuhi yake herufi zikajitokeza tena, sasa rangi ya waridi. Akapaka tena. Zikajitokeza tena. Watoto waliokuwa wakenda chuoni kusoma Kurani wakawa wanazisoma kwa sauti kama darasa.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Sisi huku tumelelewa na jambo moja: mtu akiuziwa chake kwa dhiki, jirani hanyanyui mdomo kukinunua. Chuoni tulisomeshwa kuwa Muislamu hanunui juu ya ununuzi wa nduguye, na sisi tukaliongeza na letu, kuwa kununua nyumba ya jirani naye yuko hai amesimama mlangoni ni sawa na kumvua nguo. Nikafikiri, basi hii ndiyo silaha yetu. Mnada bila ya mnunuzi ni kelele tu. Nikavaa kofia nikazunguka nyumba kwa nyumba, siku mbili nzima, na miguu yangu hii mibovu. Kila mlango nikasema maneno yale yale: siku ya mnada njooni wote, mjae, na mtu asiseme hata neno moja.

Watu walikubali mara moja. Hakuna jambo rahisi kwa Mpemba kuliko kuombwa anyamaze mbele ya mgeni.

Wakaja. Dalali alikuja na gari yenye kipaza sauti, inapiga taarabu, akasimama mbele ya baraza ya mdogo wangu baada ya sala ya Alasiri. Watu wamejaa mpaka kwenye migomba. Akaisifu nyumba: vyumba vitatu, bati zima, kisima karibu. "Haya, mabwana na mabibi, nani ananianzia?"

Kimya. Jogoo akawika.

"Nani ananianzia? Semeni chochote, tutapanda."

Kimya.

Dalali akafuta jasho. "Nyie mmekuja mnadani au mmekuja kusoma hitma msibani?"

Bibi mmoja jirani yetu, mkongwe, akamjibu, "Tumekuja kukutizama weye, baba. Tuliambiwa kuna mchezo."

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Umma ule mara ya mwisho niliuona kwenye mchezo wa ng'ombe, na hata ng'ombe hakuondoka uwanjani kwa aibu kama alivyoondoka yule dalali. Mdogo wangu akapika mkate wa kumimina akagawa kwa kila mtu. Na mie, niseme kweli, nilitembea kifua mbele. Nilikwenda mpaka Konde bila ya haja yoyote, ili nikaulizwe.

Nina sahibu yangu, jirani wa nyumba ya tatu, mwenye mikarafuu kule bondeni. Msimu uliofuata ile yake ilizaa, miti ya watu wengine imelala. Mungu humpa amtakaye. Tukasikia mnada unarudi. Siku moja kabla, sahibu yangu akaja akanikuta nakata kuni.

"Yakhe, nataka kukuuliza jambo juu ya nyumba ya mdogo wako."

Nikamkata. "Si tulishasema? Tunanyamaza."

"Najua. Lakini nilikuwa nafikiri..."

"Usifikiri. Tulinyamaza mara ya kwanza, ikawa nini?"

 Akasema, "Haya," akaenda zake. Mie nikaendelea na kuni zangu. Sikumuuliza alikuwa anafikiri nini. Hadi leo nikishika shoka nakumbuka.

Siku ya pili yake dalali alikuja bila ya taarabu. Na hakuja peke yake. Nyuma ya gari alishuka bwana mmoja wa Jadida, kule Wete, kanzu safi, viatu vya ngozi, anakanyaga kwa uangalifu asivichafue. Dalali akaisifu nyumba kwa maneno machache. Akauliza nani anaanza. Yule bwana akataja bei yake, kwa sauti ndogo kama mtu anayeagiza chai.

Ilikuwa bei ya kucheka. Haikufika hata gharama ya bati na saruji. Nilisikia watu wanavuta pumzi.

Dalali akatutizama, nadhani hata yeye ilimuuma. "Mmesikia. Hakuna anayezidisha? Mara ya kwanza."

Nilimtizama sahibu yangu. Alikuwa amesimama karibu na migomba, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti. Mdomo wake ukafunguka. Mie nikamkazia macho. Akaufunga.

"Mara ya pili."

Bado nilikuwa naamini. Niliamini kuwa kimya chetu kina nguvu, kuwa kitamwelemea yule bwana, atatahayari, atarudi kwao. Hakutahayari. Hakuwa wa kwetu, kimya chetu hakukijua. Kwake yeye kilikuwa nafuu tu.

"Mara ya tatu. Imekwenda."

Mdogo wangu alikuwa mlangoni. Akaniuliza, si kwa hasira, "Kaka, ndio kwisha?"

Nikamwambia, "Ndio."

Pesa ile yote ilikwenda kwa kampuni, na deni likabaki na mkia. Laiti nyumba ingeuzwa thamani yake, deni lingekwisha na yeye angepata cha kuanzia. Hilo alinieleza shehe wa msikiti wetu kesho yake, nilipokwenda kumlalamikia yule bwana wa Jadida kuwa kavunja dini.

"Kavunja nini, mzee wangu?" shehe akaniuliza. "Katazo ni pale watu wawili wameshakubaliana bei. Mnada ni jambo jengine. Mnadani kila mtu yuko huru kuzidisha, na mngezidisha mngemsaidia mwenzenu. Mbona hamkuniuliza?"

"Tulikuwa tunajua, shehe."

"Hilo ndilo tatizo lenu," akasema. "Mnajua."

Nikatoka pale nikenda moja kwa moja kwa sahibu yangu. Nilimkuta anaanua majamvi. Nikamuuliza siku ile ya kuni alitaka kusema nini. Akakunja jamvi, akakunjua, akakunja tena. Mwisho akasema alikuwa na pesa za karafuu. Alitaka kuinunua nyumba kwa bei ya haki, deni liishe, na mdogo wangu aendelee kukaa mle mle, amrudishie kidogo kidogo, kama rehani za wazee. Wazee wetu walikuwa wakiweka mikarafuu rehani, mwenye pesa anachuma, na mwenye mti bado anaitwa mwenye mti, ipo siku anaukomboa. Alitaka kufanya hivyo.

"Pesa zilikuwa mfukoni," akaniambia. "Lakini ulinitizama."

Mdogo wangu sasa yuko kwangu, katika chumba tulichokuwa tukiweka magunia. Alihama na friza, maana hata wale wa kampuni waliikataa. Ipo barazani, haina umeme, anawekea nguo zake na unga kwa sababu kufuli lake bado zima. Muda wote huo hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningelala vizuri. Kila asubuhi anapita mbele ya nyumba yake kwenda pwani kwenye mwani, na mlangoni kuna kufuli jipya la mtu mwengine, na ukutani zile herufi za waridi bado zinasomeka.

Mwaka huu rangi nyekundu ikaandikwa ukuta mwengine. Safari hii ni kwa seremala wetu, aliyekopa kununua mashine ya mbao, kisha watu wakaacha kujenga. Nikavaa kofia yangu. Mdogo wangu akaniona.

"Wenda wapi?"

"Kuwaambia watu waseme."

"Kaa chini, kaka. Nyumba yangu uliiuza kwa kutembea."

Lilikuwa neno lake la kwanza juu ya jambo lile. Nikakaa. Akachukua buibui lake, akatoka yeye. Alikwenda kwa nani na nani sijui, alirudi miguu imejaa vumbi, akaanza kukuna nazi.

Siku ya mnada bwana wa Jadida alikuwepo na viatu vyake. Dalali akauliza nani anaanza, na uso wake ulionesha kuwa hatarajii lolote. Mdogo wangu akanyanyua mkono. Mwanamke asiye na nyumba, nguo zake zimo ndani ya friza. Akataja bei, na haikuwa ya kucheka.

Dalali akamwambia, "Bi mkubwa, pesa unazo?"

"Weye andika. Ikinibakia mkononi ndipo uniulize."

Kabla hajamaliza, sahibu yangu akazidisha. Alinitizama kwanza, na mie nikatizama chini. Bwana wa Jadida akazidisha. Bibi yetu mkongwe naye akaropoka bei yake, na dalali akamwomba astahi, watu wakacheka. Sahibu yangu akazidisha tena. Bei ikapanda hadi sahibu yangu akafika mwisho wa karafuu zake, akarudi nyuma, na bwana wa Jadida akaipata. Lakini aliilipia. Seremala alimaliza deni, na kilichobaki kimempa bati na mbao za kusimamisha vyumba viwili kwenye kiwanja cha wazazi wake. Ameshaanza. Namsikia akigonga misumari.

Yule bwana alipokuwa anarudi garini alipita mbele ya mdogo wangu, akasimama. "Bibi, leo umenitia hasara."

Mdogo wangu alikuwa anajifunga buibui. "Hasara yangu mie bado hujanilipa," akamwambia, na akashika njia ya pwani, maana maji yalikuwa yametoka na mwani ulikuwa unamngoja.

Mie nilirudi nikakaa barazani karibu na friza. Nilikaa mpaka chai ikapoa. Kisha nikainuka.